Kidole Gumba cha Ardis Tollefsrud

Elvdal, Iowa
Jumanne, 26 Januari 2016

Kwa Bwana Lyle Kuchera, refa,

Salamu kutoka mji uliounyamazisha Jumamosi. Kwa jina hunijui, lakini tumekaribiana mara nyingi: mimi ndiye yule mwanamke wa sweta ya kijani anayekaa kiti cha mtunza saa katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Vangsnes. Huu ni msimu wangu wa ishirini na tisa. Anwani yako sina, ndiyo maana barua hii imepitia ofisi ya ligi. Kama wameifungua kwanza, basi nao wasome, sina siri.

Najua refa akipata barua kutoka kwa walioshindwa huishika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Usiogope. Nakuandikia kukushukuru.

Sijui wewe unaukumbukaje mwisho ule, mimi naukumbuka hivi. Tuko nyuma kwa pointi moja. Zimebaki sehemu tisa za kumi za sekunde na mpira ni wetu, wa kuingiza kutoka pembeni. Mchezaji wetu Brody Eickhoff anaudaka, anaudunda mara moja, anarusha, honi inalia mpira ukiwa hewani, unaingia. Watu elfu mbili wanaruka juu. Mchungaji Aasen anamkumbatia mtu asiyemjua, kumbe ni shabiki wa wapinzani wetu, Kessler. Halafu kocha wa Kessler anakuja mezani amewiva uso kama nyanya, anasema saa haikuanza kwa wakati. Nyinyi watatu mnakwenda kwenye skrini, mnarudia picha huku mnapima, dakika nne nzima. Mnarudi, mnafuta kikapu. Tumeshindwa.

Ile furaha ya dakika nne haikuwa yetu, Bwana Kuchera. Tungeondoka na ushindi wa wizi, na mwizi angekuwa kidole gumba changu, kile kinachobonyeza kitufe cha saa. Wewe ulituzuia, na kuzomewa kote ukakubeba mwenyewe. Tena ulikuja mezani ukainama, ukaniambia polepole ili walio nyuma wasisikie: "Saa imechelewa kuanza, mama. Hutokea." Mtu mwingine angenyoosha kidole. Nilikwenda nyumbani na neno lako hilo na nimekaa nalo hadi leo.

Hapa maneno ni mengi. Gazeti la watu wa Kessler limeandika kwamba Elvdal tunaiba sekunde. Jana niliingia mkahawa wa Lorraine, Gordy Ness akaanza: "Lorraine, usimruhusu Ardis achemshe yai. Atatuletea jiwe." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Gordy, siku ulipolitumbukiza trekta mtaroni hukuwa na saa wala yai." Wakacheka zaidi, lakini hakuna aliyenisogezea kiti. Kessler wamepeleka malalamiko kwamba nilifanya makusudi. Mkuu wetu wa michezo, Bwana Engen, ameniita ofisini: "Pumzika kidogo, Ardis, mpaka hili lipite." Nimepumzishwa kama ng'ombe mgonjwa.

Hata hivyo, kinachonikosesha raha ni kingine. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa kutetemeka. Ulimwanzia mkono wa kulia, na haukuanza kwa kutetemeka. Ulianza kwa kuchelewa. Anataka kikombe, mkono unafika baadaye. Nilimuuguza miaka tisa. Dada yangu Verna hakuja kunisaidia hata wiki moja, na tangu mazishi hatujasemeshana, huu mwaka wa kumi na moja. Kwa hiyo unaelewa nilipoona ile picha ya marudio, nilichokiona mimi si mpira.

Nimeomba miadi kwa daktari wa neva kule Rochester, wamenipa tarehe 22 Februari. Atataka kujua kidole kilichelewa kwa kiasi gani. Wewe ndiye uliyepima. Naomba nambari hiyo, kama kanuni zenu zinaruhusu.

Mwenye shukrani nyingi,
Ardis Tollefsrud


Cedar Rapids
3 Februari 2016

Bi. Tollefsrud,

Barua yako nimeipata. Asante. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita na filimbi, sijawahi kupata barua ya namna hiyo, na kusema kweli sikujua niiweke wapi.

Ligi hairuhusu waamuzi kuzungumzia maamuzi yao na watu wa timu yoyote. Nitasema kidogo. Tukiamini saa ilikosea, kanuni inaturuhusu kurudia picha na kupima upya. Kutoka mpira ulipoguswa mpaka ulipoacha vidole vya Eickhoff ilikuwa sekunde moja na sehemu nne za kumi. Zilikuwa zimebaki sehemu tisa tu. Saa ilichelewa kuanza kwa sehemu saba za kumi za sekunde.

Hiyo ndiyo nambari. Tafadhali usiipe uzito kuliko ilivyo. Mambo mengi huweza kuichelewesha saa. Nikija Vangsnes huwa siangalii mara mbili ubao wa saa, kwa sababu najua aliyekaa pale.

Nakutakia afya njema na habari njema kutoka kwa daktari.

Mimi mwaka huu nimepangiwa fainali ya ligi, tarehe 5 Machi. Ni ya kwanza maishani mwangu. Sijui kwa nini nakuambia.

Kwa heshima,
L. Kuchera


Elvdal
8 Februari 2016

Bwana Kuchera,

Umeniambia habari ya fainali kwa sababu ni habari njema na mtu hutaka kumwambia mtu. Hongera sana. Katika kifurushi hiki nimekuwekea lefse, zile chapati zetu za viazi. Pasha, paka siagi, nyunyiza sukari, usiniletee ubishi wa mambo ya jamu. Wewe jina lako ni la Kicheki, najua mnaona kila andazi lazima liwe na jamu ya plamu katikati.

Asante kwa nambari. Sehemu saba. Nimeiandika kwenye karatasi ya daktari. Na asante kwa kusema "mambo mengi huweza kuichelewesha saa." Wewe ni mtu mwema, lakini nimeendesha saa ile tangu sakafu ya ukumbi ikiwa ya mbao za zamani zinazolia, na yapo mambo mawili tu: kitufe na kidole. Kitufe wamekipima, kizima.

Nimekuwa nikijijaribu hapa jikoni. Verna anapiga kofi mezani, mimi nabonyeza saa ya kupikia. Nafanya vizuri tu, lakini siamini, maana jikoni hakuna watu elfu mbili.

Ndiyo, nimesema Verna. Nilihitaji mtu wa kunipeleka Rochester, kwa sababu sijiamini tena na usukani, na funguo za gari nimeziweka kwenye kopo la kahawa. Nilimpigia simu Ijumaa. Nikasema, "Verna, mkono wangu umeanza." Akasema, "Nakuja." Amekuja na masanduku matatu. Analalamikia kahawa yangu kila asubuhi. Jana, akiosha vyombo, bila kugeuka, akasema: "Kwa mama niliogopa, Ardis. Safari hii sitaogopa, nitaogopa lakini nitakuwepo." Miaka kumi na moja nilikuwa nimemwandalia hotuba, na sikukumbuka hata neno moja.

Kiti nimekiacha. Nimemwandikia Engen barua rasmi jana. Kabla hawajasema mimi ni mwizi ni bora niseme mwenyewe mimi ni mgonjwa. Mtu aliyenifundisha kazi ile, marehemu Orville Nygaard, alinipa sheria moja tu: "Usiutazame mpira, Ardis. Mpira utakudanganya. Tazama mkono wa refa. Ukiwa juu, saa imelala. Ukishuka, bonyeza." Miaka yote hiyo sijui nani kafunga vipi, huwa nauliza kesho yake. Natazama mikono.

Na hicho ndicho kinachonitisha zaidi, sijamwambia hata Verna. Siku ile niliutazama mkono wako kama kawaida. Ninavyokumbuka mimi, mkono ulikuwa juu, bado uko juu, na pembeni ya jicho naona Brody ameshadunda mpira. Najiambia, Ardis, sasa hata macho yanakuonyesha visivyokuwepo. Mama naye mwishoni alikuwa akiona paka sebuleni.

Nimekuandikia wewe kwa sababu u mbali na ni mtu wa haki. Barikiwa kwa kunisikiliza. Tarehe 22 nitakuwa na jibu.

Wako katika shukrani,
Ardis T.

Kopo la lefse usirudishe.


Cedar Rapids
12 Februari 2016

Kwa Bwana Duane Prochnow, Msimamizi wa Waamuzi wa Ligi

Duane,

Hii ni kurekebisha ripoti yangu ya mchezo wa Kessler na Vangsnes, 23 Januari.

Katika mstari wa "chanzo cha kosa la saa" niliandika: mtunza saa. Si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoa mpira wa kuingiza na mkono wangu ndio uliopaswa kushuka mpira ulipoguswa. Nilichelewa kuushusha. Mtunza saa alianza saa pale mkono wangu uliposhuka, kama kanuni inavyomtaka. Kamera ya ukumbi ule iko juu ya kichwa cha refa wa upande huo, kwa hiyo katika picha ya marudio mkono wangu hauonekani. Wenzangu wawili hawakujua. Mimi nilijua.

Uamuzi wa kufuta kikapu ulikuwa sahihi. Maelezo yangu ndiyo yalikuwa ya uongo.

Naomba malalamiko ya Kessler dhidi ya mtunza saa yafutwe, na ofisi iwaandikie Vangsnes wiki hii hii. Kuhusu fainali, amua utakavyo. Sitabishana.

Lyle Kuchera


Cedar Rapids
13 Februari 2016

Bi. Ardis,

Kidole chako hakikuchelewa. Naandika hilo kwanza ili usome hilo kwanza.

Macho yako nayo ni mazima. Mkono wangu ulikuwa juu, na Eickhoff alikuwa ameshadunda. Uliona kilichokuwepo. Kati ya watu elfu mbili ni wewe peke yako uliyeona, kwa sababu wengine wote walikuwa wanatazama mpira. Na mimi pia. Hapo ndipo kosa lilipo. Yule kijana aliudaka mpira kwa mkono mmoja nyuma ya kichwa chake, amegeuka nusu, na nikasahau kazi. Nikawa mtazamaji. Miaka ishirini na sita sijawahi, na siku ile nilistaajabu tu kama mtoto, mkono wangu umebaki hewani hauna mwenyewe. Uliposhuka nilijua umechelewa.

Nilijua, Bi. Ardis. Sikugundua baadaye. Nilijua nikiwa nimesimama mbele ya skrini na kipima muda mkononi, nikihesabu sehemu saba ambazo zilikuwa zangu. Wenzangu walisema, "Huyu mama kalala." Nikasema, "Inaonekana." Kisha nikaja mezani nikakuambia hutokea, kwa sauti ya upole. Ule upole ulioushukuru ndio kitu kichafu kuliko vyote nilivyofanya siku ile.

Nilinyamaza kwa sababu ya fainali. Orodha ilikuwa inatolewa wiki iliyofuata. Nimengoja jina langu kwenye orodha ile tangu bado nina nywele kichwani. Nikajiambia kosa la saa halimuumizi mtu, saa haina mama. Halafu ikaja barua yako, unanishukuru, unaomba nambari. Nikakupa nambari. Ulikuwa unaomba nambari ya ugonjwa wako na mimi nikakuandikia ya uzembe wangu, nikasaini kwa heshima.

Barua yako ya pili niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta na theluji inaniingia kolani. Nilipofika pale uliposema mama yako alikuwa akiona paka, niliingia ndani nikamwambia mke wangu, Jolene, yote. Alinisikiliza. Akasema, "Na chapati zake umekula?" Nikasema nimekula nne. Akasema, "Basi kaa chini uandike."

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema, lakini yangu ilikuwa ndefu, siku ishirini, na wewe ndiye uliyekuwa unaitembea. Naomba radhi. Sitegemei unisamehe. Kitu kimoja tu naomba: usimwambie daktari sehemu saba. Mwambie hakuna kilichochelewa.

Ligi nimeiandikia jana. Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii ni maelezo mafupi yenye saini yangu. Ibandike kwa Lorraine, kanisani, mlangoni mwa ukumbi, popote.

Lyle Kuchera


Elvdal
28 Februari 2016

Lyle,

Nimeacha "Bwana". Mtu aliyekuharibia mwezi mzima unaweza kumwita kwa jina lake.

Barua yako ilifika Jumanne ya tarehe 16. Sikujibu kwa sababu sikuweza kushika kalamu, na safari hii ilikuwa ni hasira, si ugonjwa. Nilikutukana kwa Kinorwe, lugha ambayo sijaitumia tangu bibi yangu alipofariki, nikashangaa ninavyoikumbuka. Verna alisoma barua yako kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na hasira kuliko mimi. Mara ya pili alikunja karatasi akasema, "Huyu mtu angeweza kunyamaza na tusingejua kamwe." Nikamwambia, "Usimtetee." Akasema, "Simtetei. Naeleza tu." Ndivyo alivyo, utamzoea.

Unajua nilichofanya katika siku zile ishirini zako? Niliandika majina kwenye migongo ya picha ili watakaonitunza wawajue watu. Niligawa sahani za mama. Nilichagua nyimbo za mazishi, tatu, na moja Mchungaji Aasen aliikataa. Nilikaa pale dirishani nikauangalia mkono wangu kama mtu anayemwangalia mbwa aliyewahi kumng'ata mtu. Hilo nataka ulijue lote. Sikuandikii ili uumie, nakuandikia kwa sababu ulisema saa haina mama.

Rochester nilikwenda hata hivyo, miadi ile ni ngumu kupatikana. Nilimwambia daktari, kijana mmoja wa Kihindi mwenye subira, kwamba hakuna kilichochelewa, lakini kwa kuwa nimefika aangalie. Akaangalia kwa muda wa saa mbili. Akanigonga magoti, akanitembeza kwenye mstari, akanichezesha vidole. Mwisho akasema: "Bi. Tollefsrud, wewe huna kitu. Kidole gumba chako kina kasi kuliko changu." Nikamwambia, "Wewe hujafanya kazi na kitufe." Tulipofika kwenye gari nililia mpaka miwani ikajaa ukungu. Verna naye akalia, tukakaa pale kama wendawazimu wawili na injini inanguruma.

Nikamwambia, "Basi unaweza kurudi kwako sasa. Mkono mzima." Akafunga mkanda. Akasema, "Nani kasema nilikuja kwa ajili ya mkono?"

Kwa hiyo hapo ndipo uliponiweka, Lyle. Nikikumbuka zile siku ishirini nataka nikutie kofi. Nikisikia huyu mwanamke anavyolaumu kahawa yangu asubuhi, nakushukuru. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivi viwili nimeshindwa, na kwa umri wangu sina muda wa kujaribu tena. Chukua vyote.

Ofisi ya ligi ilimwandikia Engen. Alikuja nyumbani, kofia mkononi, barua yangu ya kuacha kiti mfukoni mwake. Akasema hakuwahi kuipokea. Nikamwambia iko mfukoni mwako naiona. Akasema, "Mimi siioni." Na jana, mchezo wa mwisho wa nyumbani, nilikaa kitini pangu. Kabla ya mchezo Engen alisimama kwenye kipaza sauti akasoma kwamba ligi imethibitisha mtunza saa wa Vangsnes alifuata ishara ya refa bila kosa. Mstari mmoja tu. Watu walisimama. Sikugeuka nyuma, nilijifanya napanga karatasi. Gordy Ness alikuja mpaka mezani, mbele ya wote, akasema, "Ardis, mimi ni mjinga." Nikamwambia, "Hilo halikuhitaji marudio ya picha."

Karatasi yako sikuibandika. Jina lako Engen hakulisoma, na mimi ndiye niliyemwomba asilisome. Wangekugeuzia meno wewe, na najua meno yao yalivyo. Nimeihifadhi ndani ya Biblia ya mama. Iliyobaki ni yetu sisi wawili, na Verna, na Jolene wako, ambaye nampenda bila kumwona.

Habari ya kuondolewa kwako kwenye fainali nimeisikia. Pole. Pole ya kweli, siyo ya kejeli. Naijua nafasi uliyoitoa, uliniambia mwenyewe.

Mchezo wa jana sijui ulikuwaje. Nilitazama mikono. Naambiwa tumeshinda.

Ardis


Cedar Rapids
3 Machi 2016

Bi. Ardis,

Asante. Nimeisoma pale ulipotaka kunitia kofi mara nyingi kuliko pale uliposhukuru. Vyote nimevichukua.

Duane ameniondoa kwenye fainali na amenipumzisha mpaka Novemba. Nilimshukuru, akadhani namkejeli. Jumamosi, wakati wengine wanapuliza filimbi, mimi na Jolene tutakuwa tunapaka rangi bafu. Nilidhani nitaumia sana. Naumia kidogo, kisha nakumbuka umesema una kasi kuliko daktari, na maumivu yanakosa pa kukaa.

Kuna jambo sikukuambia. Mchezo wa Jumamosi iliyopita nilikuwepo. Niliendesha gari kwa saa mbili na nusu, nikakata tiketi mlangoni kama mtu yeyote, nikapanda mpaka safu ya mwisho upande wa wageni, nimevaa kofia ya kufunika masikio ndani ya ukumbi. Jolene aliniuliza ninakwenda kufanya nini, nikasema sijui. Sikuja kukusalimu, sikuwa na haki hiyo. Nilitaka tu kuona kama utakaa kwenye kiti kile.

Nilikuona ukiingia. Nilimwona dada yako, nadhani ni yeye, mrefu, amesimama nyuma ya kiti chako na mkoba ameukumbatia kifuani, hajui pa kutazama. Nilisikia Engen akisoma ule mstari na nikasimama na wengine. Nilingoja aseme jina langu. Hakusema. Sikujua kwa nini mpaka barua yako ilipofika leo.

Halafu mpira wa kwanza. Wachezaji wawili katikati, refa anaurusha juu, mwenzake kule pembeni kainua mkono. Ukumbi mzima ulitazama mpira. Mimi nilikutazama wewe. Uliweka kidole juu ya kitufe na nikaona kinatetemeka. Nikajua hakiumwi, nilikuwa nimeshapata jibu hilo moyoni, kilikuwa kinatetemeka kwa yale niliyokufundisha mimi siku ishirini. Mpira ukaguswa. Mkono wa refa ukashuka. Na kidole chako kikaenda nao, pamoja, hakuna hata unywele kati yao, na nambari zikaanza kukimbia ubaoni.

Nilisema asante. Nilidhani nimesema kimoyomoyo, kumbe nimesema kwa sauti. Jamaa aliyekaa kando yangu, mkulima mmoja wa upande wa wageni na mfuko wake wa bisi, akageuka.

"Unamshukuru nani, mzee? Mchezo ndiyo kwanza unaanza."

"Yule mama pale mezani," nikasema. "Wa sweta ya kijani."

Akatafuta na macho mpaka akakupata. Akakutazama vizuri.

"Kafanya nini?"

"Kaanzisha saa," nikamwambia, nikavuta kofia mpaka machoni. Akanisogezea mfuko wa bisi.

Lyle